Nani Alilipa Ada Yangu?

Jumapili moja, mwezi uliopita, simu iliita nikiwa nafua nguo nje ya chumba changu hapa Nyakato, Mwanza. Alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma darasa la saba kule wilaya ya Serengeti. Mara nyingi mtoto huyu hunipigia kwa simu ya mama yake anapotaka daftari au hela ya viatu, na mimi huijua haja yake kabla hajamaliza salamu. Siku ile hakuomba kitu. Aliniamkia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mjomba, eti ni kweli wewe ulisomeshwa na mama?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sababu sikuwa na la kufanya. Nikamuuliza nani kamwambia, akasema bibi. Basi nikasingizia mtandao. "Mtandao unasumbua, mwanangu, nitakupigia baadaye." Mtandao ulikuwa mzuri tu. Mikono yangu ilikuwa na povu, na moyoni nilikuwa na aibu niliyodhani nimeshaizika zamani.

Ndugu msomaji, haya ninayoandika ni jibu nililoshindwa kumpa mtoto yule. Nawaandikia ninyi vijana wenzangu wa mjini kwa sababu nahisi siko peke yangu. Wengi wetu tuliofika huku kwa njia ya shule tuna mtu nyumbani ambaye hatupendi sana kumtazama machoni.

Kila mahali tunahubiriwa kwamba wazazi wasomeshe watoto. Tunaambiwa kwenye mkutano wa kijiji, kwenye redio, kwenye mahafali mgeni rasmi anaposimama na karatasi yake. "Uza hata ng'ombe, mzazi, elimu ndiyo urithi!" Watu wanapiga makofi. Mimi pia nimepiga makofi hayo mara nyingi. Lakini sijawahi kumsikia mtu akinyoosha mkono na kuuliza: samahani mgeni rasmi, huyo ng'ombe ni wa nani?

Kwetu swali hilo lina jibu. Mimi ni mzaliwa wa Tarime, Mkurya. Ng'ombe wa nyumba ya Mkurya hawaingii zizini hivi hivi. Wapo wa kurithi, wapo wa kununua, na wapo wanaoingia kwa njia ya binti. Binti akiolewa, mahari yake ndiyo inayomwozesha kaka yake. Jambo hili halifichwi wala halionewi haya. Tulipokuwa wadogo tulilifanyia utani. Mvulana anamwambia dada yake, "Wewe ndiye ng'ombe zangu," na dada anamjibu, "Basi nibebee hii ndoo, nisije nikachakaa bure."

Dada yangu amenizidi miaka miwili, lakini tulianza darasa la kwanza siku moja. Yeye alicheleweshwa nyumbani mpaka nami nipate miguu ya kutembea, ili nisiende peke yangu. Kwa hiyo ukitaka kuhesabu deni langu, anzia hapo. Kabla hata sijaijua herufi a, nilikuwa nimeshakula miaka miwili ya mtu.

Mama yetu hakujua kusoma, wala hakujifanya anajua. Lakini usiku, tukimaliza kula, alikuwa akinisogezea koroboi na kuniambia nisome kwa sauti. Akishasikiliza, ananiuliza kwa Kikurya: "Umesema nini hapo?" Nikibabaika, anasema, "Basi hukusoma, umeimba tu." Mpaka leo sijapata mwalimu mkali kuliko yule. Alinifundisha kwamba jambo usiloweza kumweleza mama yako, bado hujalijua.

Sasa sikilizeni niliyokuwa siyasemi ninapoisimulia hadithi hii kijiweni. Wakati mimi nimekaa kwenye mwanga wa koroboi, dada alikuwa kwenye mafiga, mgongo kwetu, anasafisha chungu. Kila nilipobabaika, jibu lilitoka kule gizani. Alikuwa anajibu bila daftari. Mama anasema, "Umemsikia mwenzako?" kisha ananirudia mimi, aendelee kunifundisha mimi. Hakuna siku hata moja aliyosema, "Njoo wewe kwenye taa, mwenzako naye akaoshe chungu." Hakuwa na ubaya. Alimpenda binti yake kupita kiasi. Wazo lenyewe ndilo halikumjia.

Septemba 2008 tukafanya mtihani wa darasa la saba, wote wawili. Ilikuwa miaka ile ya shule za kata, sekondari zinajengwa kila upande kwa nguvu za wananchi, na baba mwenyewe alibeba mawe ya msingi wa sekondari yetu. Majina yalipobandikwa, tulikuwa tumechaguliwa wote. Nyumbani tukachinjiwa kuku. Mmoja, tukala wote.

Ndugu zangu ambao si wa Mara, lazima niwaeleze kalenda yetu. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Kidato cha kwanza ni Januari. Katikati yake kuna Desemba, na kwetu Desemba ni mwezi wa tohara. Mwaka ambao wazee wa mila wameuruhusu, ngoma zinalia kutwa, vijana wanapita barabarani na rungu, na mabinti wanakeketwa. Aliyekwisha kukeketwa anahesabiwa kuwa mwanamke, na mwanamke anaposwa. Desemba ile ya 2008 dada alipitishwa huko. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilikuwa imeshatungwa tangu 1998, na ilikataza wazi kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Dada alikuwa na miaka 15. Sheria ilikuwa Dodoma, ngoma zilikuwa mlangoni.

Januari 2009 mimi niliripoti shuleni na sare mpya. Dada alikuwa bado anauguza kidonda. Kabla ya mvua za masika kuisha alikuwa ameshavushwa mto Mara, kaolewa wilaya ya pili, Serengeti, kwa ng'ombe kumi na wanne.

Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya nyumbani kwetu: kwamba mimi nilisomeshwa na mahari ya dada. Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Tena, niseme ukweli, iliniumiza lakini pia ilinipa kichwa. Nilijiona mtu wa gharama. Nilipokuwa geto na wenzangu, tunapika ugali kwa zamu, nilikuwa nawaambia, "Mimi nasoma kwa ng'ombe kumi na wanne, sichezi." Wakawa wananiita Kumi na Nne.

Siku moja, nimeshaanza kazi hapa Mwanza kwenye duka la vifaa vya ofisi, nikakaa na karatasi nikapiga hesabu. Ni kazi yangu, nina stashahada ya uhasibu. Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali wakati ule ilikuwa sh. 20,000/= kwa mwaka. Miaka minne, sh. 80,000/=. Ongeza sare, ongeza madaftari, ongeza michango isiyokwisha ya mlinzi na madawati, ongeza kodi ya geto. Nikampigia kaka mkubwa kumuuliza ng'ombe walikwendaje. Akaniambia bila kusita: kumi na mmoja walimwozea yeye, mmoja alichukuliwa na baba mdogo, wawili ndio walikuwa wangu. Mmoja aliuzwa mnadani 2009 nikamaliza naye kidato cha nne na chenji ikabaki. Wa pili aliuzwa 2013 nilipokwenda kidato cha tano bweni, ambako ada ilikuwa sh. 70,000/=.

Wawili, jamani. Si kumi na wanne.

Mwanzoni nilifurahi, deni limepungua! Nikatembea na furaha hiyo siku mbili. Siku ya tatu ikageuka uchungu. Zizini kwetu, kabla ya dada kuolewa, walikuwepo ng'ombe saba. Nilikuwa nawachunga mwenyewe, nawajua kwa rangi. Kama masomo yangu yote ya sekondari yalihitaji ng'ombe wawili, basi saba wale wangetosha kutusomesha wote, na watatu wangebaki kutoa maziwa. Kumbe hatukushindwa kumsomesha dada kwa umaskini. Shule ilikuwa kisingizio tulichokuja kukivisha jambo ambalo lingefanyika tu, hata kama mimi ningekufa kwa surua nikiwa mdogo.

Hapa kijana wa mjini atarukia neno: mila potofu! Twende taratibu. Mimi sitaki kuwasema wazee wangu kama mtalii. Utaratibu wa kuunganisha dada na kaka ulikuwa na akili ndani yake. Kaka aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake alifungwa kwake maisha yote. Dada akipigwa na mume, ana kwa kurudi, na wa kumpokea ni yule aliyekula ng'ombe zake. Watoto wake wakikosa chakula, mjomba hawezi kusema hanihusu. Na ng'ombe wenyewe waligeuka mke aliyekuja nyumbani, akalima, akamtunza mama wa yule binti aliyeondoka. Deni lilionekana. Lilikuwa linapita uani kila asubuhi na ndoo kichwani, hakuna aliyeweza kulisahau.

Shule imekuja kuingia katikati ya utaratibu huo, ikachukua ng'ombe na kumgeuza cheti. Ng'ombe aliyegeuka cheti haonekani uani. Anapanda basi la Mwanza. Anapanga chumba Nyakato, ananunua redio na simu, anajifunza kusema "mitandao inasumbua". Kaka aliyeoa kwa mahari ya dada anaamka naye kila siku kwenye mawazo. Kaka aliyesoma kwa mahari ya dada anaweza kukaa miaka mitatu bila kuvuka mto Mara kumsalimia. Mimi nimekaa minne. Kwa hiyo tumechukua mzigo wa mila, tukamwachia dada aubebe, na ile sehemu iliyokuwa inamlinda tumeiacha njiani. Hicho si cha kale wala si cha kisasa. Ni wizi.

Mkoa wetu ndio uliomtoa Mwalimu Nyerere, kwa hiyo hatuwezi kuzungumza habari za elimu bila kupita Butiama. Baba yake, Mtemi Burito, hakusoma, lakini mwaka 1934 alikubali mwanawe aende shule ya Mwisenge, Musoma. Kijana yule alipokuja kuwa kiongozi wa nchi, mwaka 1964, akieleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alitoa mfano ambao wengi tunaujua. Aliwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, huyo ni msaliti.

Ni mfano mzito, na kila nikiukumbuka nagusa mfuko wangu. Lakini nina neno la kuongeza, na naomba nisionekane nakosa adabu. Katika mfano ule wanakijiji wote wana njaa, na wote wanatoa. Nyumbani kwetu hatukuwa na njaa ya namna ile, na aliyetoa alikuwa mmoja. Tena hakutoa. Alitolewa.

Mwaka jana, Krismasi, nilimuuliza baba. Tulikuwa tumekaa wawili nje, jioni. Nikasema, "Baba, ulimuuliza dada kama anataka kwenda shule?" Alinitazama kwa muda. Akasema, "Mura, nani anamuuliza mtoto? Wewe nilikuuliza?"

Jibu hilo lilinikosesha usingizi, maana lina kweli. Mimi pia sikuulizwa. Nilipelekwa kidato cha kwanza kama ndama anavyopelekwa josho. Mzazi hana budi kumwamulia mtoto mengi, chanjo, jina, shule. Tukisema kosa la baba lilikuwa kutouliza tu, basi wazazi wote duniani ni wakosaji. Tofauti iko wapi basi?

Nimeitafuta na nadhani nimeiona. Baba angeweza kunikalisha chini akaniambia mimi, uso kwa uso: nakupeleka shule kwa faida yako. Hata kama ningelia, maneno yangekuwa ya kweli. Dada naye angemwambiaje? Angesema: nakuoza ili kaka yako mkubwa apate mke, na mdogo wako apate sare. Asingeweza kuongeza neno "kwa faida yako" bila ulimi kumkwama. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa 1785, alifundisha kwamba ni marufuku kumtumia mtu kama chombo tu cha kufikia haja ya mwingine, kwa maana kila mtu ni lengo kwa nafsi yake. Wakurya hatukumhitaji Kant kulijua hili, tulikuwa nalo kwenye utani: nibebee ndoo nisije nikachakaa. Dada zetu walikuwa wanatuambia kwa kicheko kwamba wanajua wanachohesabiwa kuwa.

Basi hiki ndicho ninachokishikilia. Mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wake asome asianze kwa kujiuliza auze nini. Aanze kwa kujiuliza: uamuzi huu naweza kumweleza mtoto huyu mwenyewe, si ndugu zake, kwamba ni kwa faida yake? Kama hawezi, basi hasaidii watoto. Anamlisha mmoja nyama ya mwingine.

Msije mkadhani hili ni la wasichana peke yao. Pale Nyamongo, Tarime hiyo hiyo, mgodi mkubwa wa dhahabu unachimbwa tangu 2002. Wapo wavulana walioacha madaftari wakaingia kwenye mawe, wakavizia mabaki ya mgodi, na jioni wakarudi nyumbani na hela. Baba anaipokea. Mama ananunua unga. Nani anamuuliza kijana kwa nini hakwenda shule leo? Anayeuliza atalala njaa. Siwalaumu wenye njaa ya kweli. Lakini wapo waliopokea wakiwa wameshiba, na mwanangu wa mawe akizimika huko, wanasema ni mapenzi ya Mungu.

Wapo pia watakaoniambia kwamba mambo yamebadilika. Kweli yamebadilika. Ule waraka wa elimu namba 5 wa 2015 uliondoa ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ada ikaondolewa hata kidato cha tano na sita. Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo ilimruhusu baba kumwoza msichana wa miaka 15, ilipingwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Wanafunzi waliojifungua waliruhusiwa kurudi shuleni Novemba 2021. Kuna nyumba salama Masanga, Tarime, na nyingine Mugumu, ambako mabinti hukimbilia Desemba inapokaribia, wengine usiku, wengine peku. Hayo yote ni mema. Lakini tazameni yanavyotufunua! Ada imeondoka, na bado mtoto anatoroka nyumbani kwao ili aweze kusoma. Kama kikwazo kilikuwa ada, anamkimbia nani? Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba Mara, katika kila wanawake mia wa umri wa miaka 15 hadi 49, 32 walikuwa wamekeketwa. Hakuna waraka wa ada unaoweza kuifuta hesabu hiyo. Inafutwa uani, na mtu mwenye sauti uani hapo.

Tena tusijidanganye kwamba shule ni mashine, unaingiza ng'ombe unatoa meneja. Mimi nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Mnakumbuka matokeo yale. Yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na sifuri, mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Mimi nilipona kwa kusukasuka, na naamini niliponea kwenye koroboi ya mama kuliko darasani. Lakini kama ningepata sifuri? Dada angekuwa ameolewa kwa ajili ya sifuri. Kufaulu kwangu hakukulifanya jambo lile kuwa halali. Kulilifanya tu lipendeze kusimulia.

Na kufaulu kwenyewe, hebu nikuambie ni kupi. Natoa fotokopi. Naandika stakabadhi. Usiku naandika hadithi ambazo nyingine mmezisoma katika kurasa hizi na nyingine zimerudishwa. Si haba, nashukuru. Nikifikiria yule aliyekuwa anajibu kutoka gizani, najua fika kwamba sikuwa mimi mwenye kichwa katika nyumba ile.

Sasa wazazi wafanye nini? Mimi bado si mzazi, kwa hiyo nitasema machache niliyoyaona kwa macho. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumsomesha mtoto kuliko mwenye fedha, kwa swali moja tu: umesema nini hapo? Swali hilo ni bure. Lakini koroboi izunguke. Leo binti kwenye taa, kesho mvulana kwenye chungu. Mtoto wa kike akipewa jioni yake, hilo tayari ni nusu ya ada. Pili, Desemba ilindwe. Kati ya Septemba na Januari mtoto wa darasa la saba hana mwalimu, hana kengele, hana daftari la mahudhurio. Ana mzazi tu. Baba anayekwenda kwa wazee wa mila na kusema wazi, mbele za watu, "Wangu hayumo," amefanya kazi ambayo mahafali mia haiwezi. Atachekwa. Atasemwa kwenye pombe. Huo ndio msaada wenyewe. Kuuza ng'ombe ni rahisi kuliko kuchekwa.

Na sisi ambao si wazazi? Nilidhani tunaweza kukaa pembeni. Juzi dada akanipigia mwenyewe. Nikajua ni habari ya lile swali la mtoto, nikaanza kujitetea kabla hajasema. Akanikatiza, "Mdogo wangu, acha. Mwaka huu ngoma zipo." Nikasema nitatuma hela, kesho kutwa, mshahara ukitoka. Akasema, "Usitume hela. Hela shemeji yako ataipokea na atashukuru. Wewe njoo. Uje ukae naye. Wewe ni mjomba, ukisema neno haliwezi kupita hivi hivi."

Ndipo nikaelewa anachonidai. Hanidai ng'ombe wawili. Ananidai ile sehemu ya mila tuliyoiacha njiani, kaka anayekuja.

Nimeomba likizo. Tajiri kaninunia, Desemba ni msimu wa biashara ya madaftari, lakini kanipa siku kumi. Nitapanda basi mpaka Mugumu, kisha bodaboda. Naogopa, sifichi. Shemeji ni mtu mzima kwangu na ameshakula viapo na rika lake. Sijui kama nitarudi na binti kwenye orodha ya Januari au nitarudi nimegombana na ukoo mzima. Baba nimempigia kumwambia ninakokwenda na sababu yake. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Pitia hapa kwanza, Mura. Tutakwenda wote." Sikumuuliza kwa nini. Mzee ana miaka zaidi ya sabini, na mto Mara si karibu.

Kwa mpwa wangu, jibu langu ni hili, na safari hii mtandao ni mzuri. Ndiyo, mwanangu. Nilisomeshwa na mama yako. Ng'ombe wawili, na miaka miwili kabla ya hapo, na majibu yote yale kutoka jikoni. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kwa faida yake, kwa sababu haikuwa. Nakuja kukuambia mwenyewe.

Nawe msomaji, unayesoma haya kwenye daladala au chumbani kwako, sitaki unijibu mimi. Nenda kaulize nyumbani kwenu: ada yako ilitoka wapi, na nani alikuwa amekaa gizani wakati wewe umekaa kwenye taa?